Kimbunga cha Alhamisi, Mechi ya Jumamosi

Hotuba kwa wanafunzi wazungumzao Kiswahili na wazazi wao, kusini-mashariki mwa Marekani

Wakubwa, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Tumeombwa tuzungumzie jambo linalowachanganya wengi wenu kila Septemba. Kimbunga kinakuja, mechi ya futiboli ya chuo ni Jumamosi, tiketi umeshalipia, na chuo hakijatamka neno. Unatazama juu, jua linawaka. Basi unauliza: hivi saa ya mechi mvua itanyesha?

Hilo ni swali la mwisho kabisa. Mchezo huu huchezwa kwenye tope, huchezwa hata kwenye theluji. Cha kuuliza kwanza ni hiki: siku hiyo polisi watakuwa wapi, vyumba vya hoteli vimelaliwa na nani, na magari barabara kuu yanaelekea upande gani? Kimbunga na mechi vinagombania watu walewale, mabasi yaleyale, jenereta zilezile. Na katika ugomvi huo mechi haina haki ya kushinda. Hospitali iko mbele yake, kituo cha kuhifadhi waliohama kiko mbele yake, hata gari la kukata miti iliyoanguka liko mbele yake.

Kwa wazazi waliofika karibuni: futiboli ya Kimarekani si soka yetu. Ni wachezaji 11 kwa 11, mpira wenye umbo la yai, robo nne za dakika 15 ambazo kwa vile saa husimamishwa kila mara hula saa tatu na ushee. Kila timu ya chuo ina mechi 12 tu za kawaida kwa msimu, karibu zote Jumamosi, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka mwisho wa Novemba. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni karibu na Septemba 10. Kwa hiyo kugongana ni lazima, si bahati mbaya. Uwanja wa Gainesville huko Florida huchukua watu zaidi ya 88,000, na ule wa Baton Rouge, Louisiana, huchukua zaidi ya 102,000. Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam ni 60,000. Sasa fikiria umati wa namna hiyo uingie katika mji mdogo wa chuo siku ambayo wakimbizi wa kimbunga nao wanaingia.

Tuanze na kusoma taarifa, maana hapo ndipo watu hupotea.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga kiko Miami. Kimbunga kikishaanza kufuatiliwa, taarifa kamili hutoka kila baada ya saa 6. Kwa saa za mashariki mwa Marekani za majira hayo ni saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku. Pwani ikishawekewa angalizo au tahadhari, huongezwa taarifa fupi katikati, kila baada ya saa 3. Nasema angalizo na tahadhari kwa mpangilio uleule wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kule Tanzania: angalizo ni dalili kwamba jambo linawezekana, tahadhari ni kwamba linatarajiwa. Hapa angalizo la kimbunga hutolewa saa 48 kabla upepo mkali haujafika, na tahadhari saa 36 kabla. Angalieni vizuri: saa hizo huhesabiwa mpaka kufika kwa upepo wa kilomita 63 kwa saa, wala si mpaka jicho la kimbunga liguse nchi kavu.

Halafu ile ramani ya koni ambayo kila mtu huirusha kwenye WhatsApp. Koni haionyeshi ukubwa wa kimbunga. Inaonyesha mahali kitovu kinapoweza kupita, na kwa wastani kitovu hubaki ndani ya koni mara mbili kati ya tatu. Ile moja iliyobaki kiko nje. Tena koni ya siku ya tano ni pana mno, takriban kilomita 400 kila upande wa mstari wa katikati. Ya saa 48 hushuka mpaka kama 130. Ndiyo maana Jumatatu hakuna msimamizi mwenye akili anayetangaza lolote kuhusu mechi ya Jumamosi, na mtu anayekuambia Jumatatu kwamba "wamekwisha kufuta" amelisikia kwa jirani. Upepo nao huenea mbali na kitovu, pengine kilomita mia mbili au zaidi. Mji unaweza kuwa nje kabisa ya koni na bado umeme ukakatika.

Ramani wanayoitazama wasimamizi wa michezo ni nyingine, hutolewa na kituo hichohicho: ile ya saa ya kufika kwa upepo wa kilomita 63. Ina matoleo mawili, saa inayotarajiwa zaidi na saa ya mapema inayowezekana. Mpango hupangwa kwa ile ya mapema. Sababu ni rahisi. Upepo ukifika kiasi hicho, magari ya wagonjwa na ya zimamoto katika sehemu nyingi husimamishwa, na madaraja marefu hufungwa. Kuanzia hapo hakuna kusogeza chochote. Kumbukeni pia kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi: kasi ikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Hema la mashabiki lililostahimili upepo wa kilomita 40 litakuwa angani kwenye 80, na miguu yake ya chuma ni mikuki.

Sasa hesabu kurudi nyuma kutoka saa hiyo. Lori la vifaa la timu mgeni, lile trela la magurudumu 18 lenye kofia, kinga za mabega za plastiki, masanduku ya dawa na simu za makocha, kwa kawaida huondoka Jumatano au Alhamisi. Timu yenyewe hupanda ndege ya kukodi Ijumaa. Magari ya televisheni huanza kutandaza nyaya siku moja au mbili kabla. Wauza vyakula huagiza nyama na mikate katikati ya wiki, na mkate ukishaletwa haurudi. Upande wa uwanja, mafundi wanahitaji siku nzima, mara nyingi mbili, kushusha mabango ya vitambaa, kufunga au kuondoa mapipa ya taka, kulaza mahema, kutoa sponji zinazofunika nguzo za goli, kuhifadhi mitungi ya gesi na kusafisha mifereji ya maji. Kazi hiyo haichanganyiki na kuandaa mechi. Moja inashusha, nyingine inapandisha. Kwa hiyo mechi ya Jumamosi ambayo kimbunga chake kitafika Alhamisi usiku inabidi iamuliwe Jumanne au Jumatano. Wakisubiri Ijumaa wamechelewa. Mkisikia uamuzi umetoka mapema na nje jua linawaka, msiwacheke.

Nije kwenye polisi na hoteli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mechi nyingi zinapokufa.

Oktoba 2016 Kimbunga Matthew kilikuwa kinapanda kandokando ya pwani ya Florida, Georgia na Carolina Kusini. Gavana wa Carolina Kusini aliamuru watu wa pwani wahame, na barabara kuu ya I-26 kutoka Charleston ikageuzwa: njia zote za magari zikaelekezwa bara. Tazameni I-26 inafikia wapi. Inafika Columbia, ulipo uwanja wa chuo cha South Carolina, na Jumamosi hiyo walikuwa wanawapokea chuo cha Georgia. Basi ile njia ambayo mashabiki wa pwani wangepita kuja mechini ndiyo hiyo waliyopita waliohama, vyumba walivyokuwa wamevishika mashabiki ndivyo walivyovihitaji wenye watoto na wazee, na askari wa barabara ambao hupanga magari siku ya mechi ndio haohao waliosimama kwenye kila njia panda ya I-26. Mechi ilisogezwa siku moja, ikachezwa Jumapili Oktoba 9. Georgia wakashinda 28–14.

Wiki hiyohiyo LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana kilichoko Baton Rouge, walikuwa waende Gainesville kucheza na chuo cha Florida. Mechi ikaahirishwa Alhamisi. Kisha Matthew kikabaki baharini, na Gainesville, iliyo ndani ya bara, haikupigwa kama ilivyohofiwa. Kelele zilizofuata mnazijua: kwa nini mliahirisha na jua limewaka? Jibu ni lilelile. Uamuzi hufanywa kwa taarifa iliyopo saa ile, na askari aliyepelekwa pwani hawezi kuwa Gainesville kwa sababu tu anga limetulia. Ila ugomvi uliozaliwa pale ulikuwa wa kweli, kwa sababu hapakuwa na siku nyingine iliyo wazi kwa timu zote mbili. Ilibidi vyuo vyote viwili vivunje mechi nyingine za Novemba 19, LSU ile ya South Alabama na Florida ile ya Presbyterian. Mechi ikahamishiwa Baton Rouge. Florida, ambao walipaswa kuwa wenyeji, wakacheza ugenini na wakashinda 16–10, baada ya kumzuia mshambuliaji wa LSU karibu kabisa na mstari wa goli mwishoni. Kama malipo, mechi ya 2017 ikarudishwa Gainesville, na ya 2018 ikawa huko pia kama ilivyopangwa.

Njia za kuokoa mechi ni tatu: kuitanguliza, kuiahirisha, kuihamisha. Ya nne ni kuifuta. Mwaka 2022 Kimbunga Ian kilizionyesha zile tatu za kwanza ndani ya wiki moja. Ian kiliingia kusini-magharibi mwa Florida Septemba 28, Jumatano, kikiwa daraja la 4 kati ya 5, kikavuka rasi nzima, kikatoka baharini, kikapiga tena Carolina Kusini Ijumaa. South Carolina walikuwa na mechi Jumamosi na South Carolina State, chuo cha jimbo lilelile, na wageni walikuja kwa basi tu. Wakaitanguliza hadi Alhamisi Septemba 29, ikamalizika kabla upepo haujafika. Florida waliisukuma yao na Eastern Washington siku moja mbele, Jumapili. South Florida, ambao nyumbani kwao ni Tampa, walihamia Boca Raton upande wa pili wa jimbo kucheza na East Carolina. Na UCF, chuo cha Florida ya Kati kilichoko Orlando, waliiahirisha yao mpaka Jumapili, wakaona haitoshi, wakaisukuma tena mpaka Jumatano Oktoba 5.

Kimbunga kimoja, majibu manne, na kila moja lilikuwa sahihi mahali pake. Kutanguliza hufaa kama mgeni yuko karibu, maana huwezi kumwambia chuo cha majimbo matatu mbali aje siku mbili mapema wakati wachezaji wana masomo na ndege haijakodiwa. Jumapili ndiyo rahisi kuliko zote kwa makaratasi, ila ni ya kubahatisha: kimbunga kikipunguza mwendo kwa saa 12 tu, Jumapili yako imeliwa. Kilichowapata UCF ndicho hicho. Orlando ilikuwa na mafuriko, na siku moja haikutosha. Kuhamisha kunahitaji uwanja mtupu wiki hiyo, wafanyakazi wake, leseni za wauzaji, na chuo mwenyeji kukubali kucheza mbele ya viti vitupu, mapato yakipungua.

Mwaka 2024 South Florida walihama tena. Kimbunga Milton kiligonga Siesta Key usiku wa Oktoba 9, na mechi yao na Memphis, iliyopangwa Ijumaa Tampa, ikachezwa Jumamosi Oktoba 12 Orlando. Siku hiyohiyo, katika mji huohuo, UCF waliwapokea Cincinnati kwenye uwanja wao. Mtu atashangaa: Milton si kilivuka jimbo na kupita jirani na Orlando? Kilipita. Lakini mji wa ndani hauna maji ya bahari yanayosukumwa na upepo kuingia mitaani, na hayo ndiyo hufanya usafishaji uchukue wiki badala ya siku. Barabara zikipitika na umeme ukirudi viwanjani, mechi inawezekana.

Lakini msifanye "ndani ni salama" kuwa kanuni. Wiki mbili kabla ya Milton, Kimbunga Helene kiliingia Florida karibu na Perry, usiku wa Septemba 26. Mechi iliyofutwa kabisa ilikuwa Boone, Carolina Kaskazini, takriban kilomita 700 kutoka hapo, milimani: Appalachian State na Liberty. Mlima hukamua mawingu. Hewa yenye unyevu wa bahari ikisukumwa kupanda mteremko inapoa, inamwaga maji, na maji hukusanyika kwenye mabonde membamba ambako ndiko barabara zimejengwa. Uwanja wenyewe ungeweza kukauka kwa siku moja. Barabara ya kuufikia haikuwepo.

Na tusiache jambo la maji ya bomba, ambalo halipewi uzito. Mwanzoni mwa Oktoba 2015 Kimbunga Joaquin kilibaki mbali baharini, hakikugusa Carolina Kusini hata kidogo, lakini kililisha unyevu katika mfumo mwingine wa mvua, na sehemu za jimbo zikapata zaidi ya milimita 500. Columbia ikapata mafuriko, mfereji unaolisha mitambo ya maji ukabomoka, na watu wakaambiwa wachemshe maji ya kunywa. Wiki ya pili, Oktoba 10, anga ni safi na LSU wanatakiwa waje kucheza. Mechi ikahamishiwa Baton Rouge, South Carolina wakiitwa wenyeji kwa jina tu, na LSU wakashinda 45–24. Fikirini: watu 80,000, vyoo, barafu, vinywaji vinavyochanganywa na maji ya bomba, mikono ya wapishi. Bila maji safi, uwanja haufunguliwi, hata kama nyasi zake zimenyooka.

Wakati mwingine uwanja uko salama ila una mgeni mwingine. Septemba 2017, baada ya Kimbunga Irma, mechi ya UCF na Georgia Tech ilifutwa kwa sababu wanajeshi wa akiba wa jimbo, National Guard, walikuwa wameufanya uwanja na maeneo yake kituo cha kuanzia shughuli za uokoaji. Baada ya Katrina, 2005, ukumbi wa mpira wa kikapu wa LSU uligeuzwa hospitali, mechi yao ya Septemba 10 na Arizona State ikachezewa Arizona, na Tulane wa New Orleans wakamaliza msimu mzima bila kucheza nyumbani hata mara moja, mechi 11 katika viwanja 11.

Basi, na ikiamuliwa ichezwe kwenye mabaki ya kimbunga, nini hubadilika uwanjani? Mvua peke yake hubadilisha machache. Viwanja vya nyasi asilia vya vyuo vikubwa hujengwa juu ya mchanga wa kina cha karibu sentimita 30, chini yake changarawe na mabomba. Maji hushuka haraka kama mchanga haujajaa tayari. Ukijaa, umekwisha. Gainesville, Agosti 2014, mvua na radi za kawaida tu, wala si kimbunga, zilitosha: Florida na Idaho walisubiri karibu saa tatu, wakacheza mpira wa kuanzia, mmoja tu, wakaenda nyumbani.

Radi ndiyo yenye sheria ngumu. Vyuo vingi hutumia mduara wa maili 8, kama kilomita 13, kila upande wa uwanja. Radi ikipiga ndani ya mduara huo, wachezaji na watazamaji wote hutolewa, na saa ya dakika 30 huanza. Ikipiga nyingine dakika ya 29, inaanza upya. Mikanda ya nje ya kimbunga huja kwa mafungu, dakika 20 mvua, dakika 40 kimya, kwa hiyo mechi ya saa moja usiku inaweza kufika usiku wa manane bado iko robo ya pili. Na ndani ya mikanda hiyo huzaliwa vimbunga vidogo vya nchi kavu, vile vyembamba vinavyogusa ardhi. Milton ilivizaa mashariki mwa Florida saa kadhaa kabla kitovu hakijafika pwani ya magharibi, na viliua watu. Jukwaa lililo wazi ni mahali pabaya sana pa kuwa.

Upepo humuumiza mpigaji teke kuliko mrushaji. Mrushaji mzuri hufupisha pasi zake na kuzirusha chini; mpira wa teke lazima uende juu, na huko juu ndiko upepo uliko. Utaona makocha wakikataa teke la pointi 3 la mita 35 wanalolichukua kila siku. Mpira uliolowa huponyoka zaidi mahali pawili: ule unaopitishwa nyuma kati ya miguu kuanza mchezo, na ule unaodakwa kutoka kwenye teke la juu. Kila timu hutumia mipira yake yenyewe inaposhambulia. Mtazameni kijana aliye pembeni na taulo chini ya koti la plastiki: kazi yake usiku kucha ni kumpa mwamuzi mpira mkavu na kupokea uliolowa, na timu iliyoandaa taulo chache huanza kuangusha mpira robo ya tatu. Clemson na Notre Dame walicheza kwenye mvua ileile ya Joaquin, Oktoba 3, 2015. Ilikwisha 24–22, Notre Dame wakishindwa jaribio la pointi 2 la kusawazisha sekunde za mwisho.

Kuna upande wa hesabu usioonekana. Timu inahitaji ushindi 6 ili iruhusiwe kwenye mechi za baada ya msimu ziitwazo bowl. Mechi ikifutwa, nafasi moja imepotea. Florida State walipoteza mechi ya Louisiana-Monroe kwa Irma mwaka 2017. Mwishoni mwa Novemba wakawa na ushindi 5 na kushindwa 6. Ikarudishwa Desemba 2, wakashinda 42–10, wakaingia. Mwaka uliofuata Kimbunga Florence kiliifuta mechi ya Virginia Tech na East Carolina, na ile ya Marshall na South Carolina. Virginia Tech nao wakajikuta na ushindi 5 na kushindwa 6. Wajane wawili wa kimbunga kimoja, Virginia Tech na Marshall, wakapangiwa Desemba 1, na Virginia Tech wakapata ule wa sita. South Carolina nao wakamwita Akron, ambaye mechi yake na Nebraska iliuawa na radi Septemba 1. Ndiyo maana wakati mwingine chuo husema "imefutwa" Septemba, kisha Desemba mechi ikafufuka.

Na pesa. Mikataba ya mechi za nje ya ligi huwa na faini ya kutofika na kifungu cha janga lisilozuilika. Tatizo ni pale kimbunga kinapopiga kwa mgeni na siyo kwa mwenyeji. Mwaka 2017 Miami hawakusafiri kwenda Arkansas State wakati Irma inawaelekea nyumbani. Arkansas hapakuwa na kimbunga. Walishindwa kuelewana tarehe nyingine, na Arkansas State wakaenda mahakamani kudai dola 650,000 zilizoandikwa katika mkataba. Kwa maoni yetu kifungu kinapaswa kutaja wazi pande zote mbili za safari na siku ya mwisho ya kupanga tarehe mpya. Kikiandikwa kwa neno "janga" peke yake kinaacha mlango wazi.

Mwisho ni nyinyi wenye tiketi na vyumba vya bweni.

Mechi ikiahirishwa au kuhamishwa saa, kwa kawaida tiketi yako inahamia tarehe mpya na hurudishiwi pesa. Ikifutwa, hurudishwa kupitia ulikonunua, kwa hiyo uliyenunua kwa mtu mkononi huna wa kumdai. Hoteli, shikeni ile inayoruhusu kughairi bila malipo, na mkighairi, ghairini mapema, Jumanne au Jumatano. Kuna familia inakihitaji hicho chumba. Msiendeshe gari kuelekea mechi kwa barabara ambayo wengine wanaitumia kukimbia. Maji yanayotiririka ya kina cha sentimita 30 huweza kulibeba gari dogo, ya sentimita 60 hubeba karibu magari yote, na usiku huwezi kuona kama lami ipo chini yake.

Mkibaki bwenini au nyumbani, wekeni maji ya kunywa na kutumia kama lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Jenereta mnayoitumia mkichoma nyama nje ya uwanja isiwashwe verandani wala gereji umeme ukikatika; iwe angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi wake ukielekea mbali na madirisha, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu. Na wazazi walioko Mwanza au Bukavu wataona picha za kutisha kwenye televisheni na kupiga simu wote kwa pamoja, wakati mtandao umezidiwa na betri haina pa kuchajiwa. Chagueni ndugu mmoja, mtumieni ujumbe mfupi wa maandishi, naye awaarifu wengine. Taarifa ya saa 5 usiku ya Miami hutoka kule Dar es Salaam ikiwa saa 12 asubuhi, kwa hiyo mwambieni ujumbe wa kila siku utamfikia kabla ya kazi, na usipofika siku moja asubiri mpaka jioni kabla ya kuanza kupiga simu chuoni.